Safu ya "Analala Wapi"

Jumatatu, 17 Januari 1994

Maharagwe, siku ya kumi na moja. Makopo 46, watoto 46. Yaliyoota 43. Kopo la Hamza linaongoza, sentimita 14.2. Nimelipima tena mwenyewe, maana Hamza ana tabia ya kuvuta shina juu kidogo rula ikikaribia. Bila kuvutwa: 12.9. Nimeandika 12.9 mbele yake. Amenuna mpaka mapumziko.

Saa nne na dakika ishirini guruneti limelipuka kwenye kituo cha teksi. Madirisha yamelia. Hakuna aliyelala chini, wamezoea. Mtoto mmoja ameuliza kama tuandike. Nimesema andikeni saa, na mmeona nini kwenye mmea. Wakaandika: mshindo, saa 4:20, majani hayakutikisika. Baadaye tumesikia: muuza nyanya mguu umekatika chini ya goti, utingo mmoja amekufa palepale. Hilo hawakuliandika. Halikuhusu maharagwe.

Makopo nimeokota mwenyewe nyuma ya hoteli, mawili mawili, tangu Septemba. Rula nimenunua mwenyewe. Shule imetoa chaki.

Jumatano, 19 Januari

Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Direkta, mkuu wetu wa shule, amesema kikaoni atamwonyesha "ile mbinu yangu ya viumbe hai". Yangu. Mtu ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu.

Miaka kumi na minne nafundisha. Kabla ya hapo miaka sita ya sambusa mbele ya msikiti hapa Rwezamenyo, kitabu cha baiolojia nimekifunga kwenye plastiki kisiingie mafuta. Mtihani wa ualimu nilijisomea peke yangu, nikawa wa tatu kati ya 88. Yeye alikuwa wa 51. Karatasi niliiona kwa macho yangu. Yeye ni direkta. Mimi ni "yule Mswahili wa darasa la tano". Kwao Mswahili, yaani Mwislamu wa mjini, ni mtu wa gereji na soko, ofisi hapewi.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu mahali pengine pa kuliweka hili sina. Mume alikufa, watoto Mungu hakunipa, kuta zina masikio.

Njiani kurudi: vijana wa mazoezi, wale wanaokimbia asubuhi na marungu wakiimba, wamempiga fundi wa redio. Kosa lake kofia ya chama kingine. Meno mawili yalibaki barabarani. Mmoja wao akayasukuma kwa kiatu mpaka mtaroni, taratibu, kama mtu anayefagia kwake.

Ijumaa, 21 Januari

Nimewapa kazi ya nyumbani ya siku nne. Uchunguzi wa uani. Kila mtoto karatasi moja, safu tano: kiumbe, idadi, anakula nini, analala wapi, anatoka saa ngapi. Juu ya karatasi achore njia ya kufika kwao kutoka shuleni, bomba la maji na kona zote zionekane. Nimewaambia kuku, mbuzi, paka, njiwa, chochote kinachopumua.

Esperansi ameinua mkono. "Madamu, na watu tuhesabu?"

Nimesema ndiyo. Binadamu ni kiumbe hai kama wengine.

Hamza: "Bibi yangu nimuandike kabla ya kuku au baada?"

"Inategemea nani anaamka mapema."

"Basi kuku anatangulia, Madamu. Bibi anaamkia uji."

Darasa limecheka mpaka Direkta akachungulia dirishani.

Jumatano, 26 Januari

Karatasi 46 zimerudi. Hakuna iliyokosekana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu hakuna iliyokosekana.

Jumla: kuku 131, mbuzi 19, paka 22, njiwa 40 (wa mtu mmoja), watu 327. Nimekaa sakafuni na karatasi za mifuko ya simenti, nimezigundisha kwa uji wa muhogo, nimechora mtaa mzima. Msikiti, bomba, kinu, kona ya cherehani. Kila nyumba namba yake, 1 mpaka 46. Pembeni jedwali lenye safu zote tano. Imechukua saa tisa. Wino rangi mbili.

Baadhi wamechunguza vizuri kupita kiasi. Klarisi, binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule mwenye baa, nyumba namba 22: "Vijana, 18, wanakula nyama choma, wanalala ukumbi wa baa, wanatoka saa kumi na moja alfajiri." Esperansi, namba 12: "Mjomba Fideli, 1, anakula tunachokula, analala stoo ya nyuma juu ya magunia ya mkaa, hatoki."

Esperansi nimempa kumi kwa kumi. Mtoto aliyeona kwamba hatoki, akaandika hatoki, huyo ndiye mwanasayansi.

Alhamisi, 3 Februari

Mkaguzi amekuja. Direkta ameshika fimbo akaeleza ramani yangu dakika ishirini na tano. Jina langu hakulitaja. Alipoulizwa kwa nini safu ya chakula haina kipimo, alinitazama. Nikajibu mimi. Akasema, "Kama nilivyowaelekeza."

Mwenyekiti alikuwepo pia kwa niaba ya wazazi. Wengine walipokwenda kunywa Fanta yeye alibaki ukutani, mikono nyuma, akisoma mstari kwa mstari, midomo inatembea.

"Madamu, hii karatasi iko na akili sana. Hata mtu analala wapi iko."

Nilifurahi. Niandike hivyo hivyo. Nilifurahi, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyeisoma yote.

Akaomba aiazime, kamati iione. Direkta mwenyewe aling'oa misumari.

Jumatatu, 7 Februari

Ukuta uko mtupu.

Leo sisimizi. Kijiko cha sukari, tunahesabu wanaofika kila dakika. Dakika ya kwanza 2, ya tano 31, ya kumi 140 au karibu. Kundi la dirishani limeweka sukari na chumvi pamoja, matokeo yao ovyo.

Mtoto wa dawati la tatu amechelewa, mkono wa shati umeloa damu. Si yake. Kwenye kona ya cherehani wamempiga mtu kwa mawe, naye amepita karibu. Nimemvua shati nikaliosha, nikampa koti langu. Akaingia kwenye sisimizi kama wengine. Alihesabu vizuri kuliko wote. Hilo limenitisha kuliko damu.

Jumatatu, 14 Februari

Siku ya tatu ya mfungo. Kichwa kinauma mpaka adhuhuri, halafu kinanyamaza.

Direkta ameniita. Ramani iko mezani kwake. Imerudi na alama: vinukta vya penseli pembeni ya namba fulani. Nimehesabu mara mbili wakati anaongea. Kumi na saba. Na mstari wa namba 22, wa Klarisi na wale vijana kumi na wanane, umekwanguliwa kwa wembe, karatasi imebaki nyeupe.

Mwenyekiti ameipenda. Anataka nakala safi. "Ongeza safu moja tu," Direkta amesema. Ubwoko. Kabila la kila nyumba. Rejista ya darasa ninayo, ni kunakili tu. Na tukimaliza hilo, nafasi ya naibu direkta iko wazi tangu Desemba, yeye haoni kwa nini isiwe mimi.

Nimerudi darasani nikafungua rejista. 3, 7, 12, 15, nikaendelea mpaka mwisho. Zote kumi na saba ni nyumba za Watutsi. Hakuna nukta hata moja iliyokosea.

Nafasi ya naibu niliitaka. Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Kwa muda wa kama dakika mbili nilikuwa nachagua rangi ya wino.

Nimemwambia nafunga, mkono unatetemeka, anipe wiki mbili. Nimeondoka na ramani.

Jumanne, 22 Februari

Mji umechafuka tangu jana. Matairi yanaungua. Shule imefungwa.

Vijana wameingia kwa kina Esperansi saa tatu asubuhi. Mama Saidi, jirani yangu, yuko ukuta kwa ukuta na ile nyumba, ameona kila kitu kwenye tundu la tofali. Anasema walikuwa tisa. Hawakuuliza kitu. Hawakufungua chumba cha kwanza wala cha pili. Wamezunguka nyumba moja kwa moja mpaka stoo ya nyuma.

Wamempiga Fideli kwa marungu yenye misumari palepale juu ya magunia ya mkaa. Alikuwa amekaa, hakupata hata kusimama. Mama Saidi anasema hakulia muda mrefu. Baba yake Esperansi alijaribu kumshika mmoja, wamemvunja mkono wa kulia juu ya kizingiti, kama kuni. Watoto walikuwepo.

Fideli alikuwa karani. Alikimbia kutoka kwao Bugesera baada ya nyumba kuchomwa. Wiki kumi na moja hakuna mtu mtaani aliyejua yuko pale. Mama Saidi mwenyewe hakujua, na amebanana nao ukuta mmoja.

Aliyejua ni mtoto wa darasa la tano. Na mimi niliyempa kumi kwa kumi.

Jumatano, 23 Februari

Ramani iko hapa mezani kwangu. Wananisubiri niinakili. Nyumba nyingine sijui walikariri ngapi.

Wazo la kwanza: nibadilishe namba. 12 iwe 31, 7 iwe 40. Nimekaa na penseli asubuhi nzima. Halafu nikafuatilia 31 ni nani. Ni kwa mama mjane anayeuza makongoro, ana binti watatu. Vijana tisa watazunguka nyumba yake badala ya ile. Nimejaribu 40. Kwa kipofu. Nimejaribu kuweka namba kwenye kiwanja kitupu: watauliza jirani, na jirani ataonyesha mtu fulani ili waondoke kwake.

Kila namba ni mlango. Nimefanya hesabu zote ninazozijua. Namba ya bure hakuna.

 Nimeweka penseli chini.

Jumatatu, 28 Februari

Nimefanya hivi.

Nimekwenda kwa Direkta. Nimesema nakala safi haiwezekani bila karatasi za watoto, wino wa ramani umeenea, siwezi kukisia. Nimeomba zote, alizichukua siku ya mkaguzi. Amefungua kabati akanipa, akanisainisha. Alifurahi. Amesema, "Madamu Mwajuma, ninyi Waswahili mkitaka kazi mnaijua." Nikasaini.

Nimezihesabu njiani, nikazihesabu nyumbani. 46.

Nimewasha jiko la nje la kukaangia sambusa za futari, watu wote wa uani wakiwa wanaona moshi na hakuna anayeshangaa. Nimezitia moja moja. Kwanza zile kumi na saba. Halafu nyingine zote, maana kukosekana kwa kumi na saba ni orodha pia. Ramani nimeikata vipande vinane. Uji wa muhogo hauungui haraka. Ulinuka kama chakula.

Mistari yote iliyonyooka. Kazi yangu bora. Niliona uchungu kuichoma, na nikaona aibu kwa uchungu huo, halafu nikageuza sambusa.

Jumatano, 2 Machi

Shule imefunguliwa. Nimemwambia Direkta kwamba karai la mafuta limepinduka na karatasi zote zimeungua. Nimemwonyesha mkono niliouchoma kusudi, uonekane. Amenitazama mkono. Akatoka.

Saa tano wamekuja darasani. Mwenyekiti na vijana watatu. Aliwaambia watoto wakae vizuri.

Kofi la kwanza kikaanguka kilemba. Halafu wamenishika nywele, wamenigonga kwenye ubao mara tatu. Mmoja ameweka mkono wangu wa kulia juu ya dawati la mbele, kati ya makopo ya maharagwe, akapiga kwa rungu. Vidole viwili. Mlio wake mdogo tu, kama kuvunja muwa mwembamba. Nilianguka, wakaendelea kwa mateke. Niliona viatu vya watoto chini ya madawati, vyote vimetulia, jozi zote.

Mwenyekiti hakunigusa. Alingoja wamalize.

"Madamu, karatasi imeungua, sawa. Watoto hawajaungua. Watahesabu tena. Ijumaa."

Amesema hivyo kwa upole. Alipokwenda zake akambusu Klarisi kichwani.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaanguka.

Alhamisi, 3 Machi

Nimewagawia karatasi mpya. Safu tano, na ya sita. Direkta amesimama mlangoni mpaka mtoto wa mwisho amepewa. Nisingeweza kusema neno la kuwaonya mbele yake.

Hata alipoondoka sikulisema. Naandika hapa nisije nikajipamba baadaye. Nilikuwa na nafasi ya kunong'ona kwa mmoja, mlangoni, wakati wa kutoka. Vidole vilikuwa vinapiga kama moyo, nikaogopa, nikawaambia tu kwaherini.

Ijumaa, 4 Machi

Karatasi 44. Esperansi hajaonekana tangu Fideli. Klarisi amekuja mikono mitupu, akasema baba amesema wao hawahusiki.

Nimesoma ya kwanza. "Kuku, 2. Watu, 2, baba na mama. Wanalala kitandani. Wanatoka saa kumi na mbili." Safu ya sita: "Sijui."

Ya pili: kuku 2. Watu 2. Kitandani. Saa kumi na mbili. Sijui.

Ya tatu hivyo hivyo.

Zote 44. Hata wenye ndugu tisa. Hata mwenye njiwa arobaini: hana njiwa. Ramani juu ya kila karatasi ni ile ile, mstari mmoja ulionyooka kutoka shule mpaka nyumba, bila bomba, bila kona. Watoto wenyewe hawakujihesabu. Hamza ana bibi, mama, shangazi na wadogo wanne. Kwake kuna watu wawili, na bibi ameandikwa chini kabisa, pembeni: "alikufa zamani". Bibi amenisalimia asubuhi hii kibarazani, anakunywa uji, kwa uzee hafungi.

Mtaa mzima umekaa usiku wa jana ukapanga. Waislamu, Wakatoliki, wote. Hakuna aliyeniambia. Kwa nini waniambie?

Nimechukua kalamu nyekundu kwa mkono wa kushoto, nikaweka sifuri 44, ili Direkta aone nimekasirika. Hamza alipokea sifuri yake akaikunja vizuri mfukoni, kama stakabadhi.

Direkta amezisoma zote mpaka ya mwisho. Amezirusha dirishani.

Jumatatu, 7 Machi

Mwenyekiti hajarudi. Amepita nje na gari, ameshusha kioo.

"Madamu, unafikiri sisi tunashindwa kwa sababu ya karatasi?"

Akacheka, akaenda. Vidole vimevimba, vimekuwa vya kijani. Muuguzi amefunga kijiti.

Jumatano, 16 Machi

Idi imepita. Nimepeleka sahani kwa kina Esperansi kama kila mwaka. Mama yake amefungua mlango kiasi cha kupitisha sahani. Anajua. Alisema, "Asante, mwalimu," na neno mwalimu lilitoka limekauka. Nilitaka kusema samahani. Nimesema sahani sina haraka nayo.

Alhamisi, 7 Aprili

Jana saa mbili usiku mshindo mkubwa upande wa Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, halafu mwanga. Ndege ya rais. Amekufa. Redio inapiga muziki wa polepole na inasema kila mtu abaki alipo.

Kubaki ulipo. Nimelielewa agizo hilo mara moja.

Risasi tangu alfajiri. Si za kutisha watu, ni za kazi. Moja, kimya, moja.

Jumamosi, 9 Aprili

Bariyeri, vizuizi vya vijana barabarani, ziko tatu mpaka bombani. Nimepita zote kuchota maji. Kitambulisho changu kinasema Mhutu. Babu alitoka Tabora na karani wa siku zile hakuwa na mahali pa kumwandika.

Bariyeri ya bombani. Maiti sita, wawili nawajua. Mmoja ni baba yake Esperansi, mkono bado una bandeji. Wamemkata shingo na visigino. Maji ya bomba yanapita chini yake yakiwa mekundu, yanaingia mtaroni, na watu wamepanga foleni na madumu kwa sababu maji ni hapo tu. Na mimi nilipanga. Nilikuwa wa kumi na nne.

Direkta amekaa kwenye kiti chini ya turubai. Mapajani ana rejista ya darasa la tano. Ile ya kijani. Majina nimeandika mimi, safu ya kabila nimejaza mimi, miaka kumi na minne, kila Septemba, kwa hati nzuri. Kumbe hiyo sikuichoma. Haikunipitia hata akilini. Rejista ni kitu cha shule, kama mlango.

Mwenyekiti alikuwa na panga na kalamu. Anaita jina, anauliza waliosimama foleni, "Huyu analala wapi siku hizi?" Jina analo. Nyumba anayo. Nyumba wamekuta tupu. Mzee wa mbele yangu akasema hajui. Wakampiga ubapa wa panga mgongoni, akasema tena hajui. Mimi wakaniuliza Esperansi. Nikasema mimi namjua wa dawatini tu.

Kijana mmoja alicheka. "Huyo ni yule Mswahili aliyeunguza karatasi."

"Achana naye," Mwenyekiti akasema. "Kwa Mswahili kuna nini? Sufuria na swala."

Nimebeba maji mpaka nyumbani bila kumwaga.

Jumapili, 10 Aprili

Wamekuja kupitia ukuta wa nyuma, matofali yale Mama Saidi alikuwa ameyalegeza. Mama yake Esperansi, Esperansi, mdogo wake. Halafu wengine ambao sikuwatarajia. Mama Saidi alikuwa anawashusha mmoja mmoja kama anapakua, na mimi napokea.

Yule mama hakunishukuru wala sikutaka. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Tunalala wapi?" Alinitazama machoni aliposema hivyo. Nikamwonyesha. Sitaandika.

Vijana wamepekua kwa Mama Saidi mchana, wamesoma hata barua za mwanawe kutoka Bujumbura, wametafuta majina. Hawa wanasoma. Tumewafundisha sisi.

Daftari hili naliingiza kwenye plastiki ya kile kitabu cha baiolojia na nalifukia leo. Lingine nitaliweka mezani, wazi, lisomwe na atakayeingia. Mtu anayeacha kuandika ghafla anatia shaka. Direkta anajua naandika kila siku.

Jumatatu, 11 Aprili 1994 (daftari jipya)

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa ndani.

Nimeshona shuka. Vidole vinaniuma nikikunja. Unga unatosha, mimi si mlaji. Nimepika kidogo saa saba, nikabakiza cha jioni.

Majirani siwajui habari zao. Sisikii vizuri siku hizi.

Sina wageni. Ninaishi peke yangu.